Shajara ya mradi: nani aliigusa saa hii, lini, na kwa ruhusa ya nani

Januari

Mradi umeanza. Nataka kupunguza mkusanyo wangu ubaki na saa za aina moja: saa za mkono za kifahari ambazo mtu fulani aliagiza ziwe tofauti na nyingine zilizotoka kiwanda kilekile. Huyu alitaka jina la duka lake liandikwe usoni, yule alitaka nembo ya jeshi, mwingine alitaka herufi za jina la mkewe zichongwe mgongoni. Kila saa itakayobaki itakuwa na faili lake, na faili litajibu maswali matatu: nani alibadilisha nini, alibadilisha lini, na kwa ruhusa ya nani. Saa isiyoweza kujibu angalau mawili kati ya hayo itaondoka, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kwa saa ya kawaida, mkusanyaji hutafuta ile ambayo hakuna mkono uliopita juu yake tangu itoke kiwandani. Saa ninazozitaka mimi zimeguswa, na kuguswa huko ndiko kunakozifanya zitafutwe. Kwa hiyo kuuliza kama kila kipande ni cha kiwandani hakunifikishi mbali. Ninachohitaji ni historia ya kila mkono uliopita.

Nimeanza kwa kuandika mifano ya kupimia. Patek Philippe, kiwanda cha saa cha Uswisi, na duka la vito la Tiffany & Co. wamekuwa pamoja tangu 1851, na Desemba 2021 walitoa saa 170 za Nautilus, modeli 5711/1A-018, zenye uso wa buluu ya Tiffany. Moja ilipigwa mnada na nyumba ya mnada ya Phillips mwezi huohuo ikapita dola milioni 6.5. Hapo maswali yote matatu yanajibika kabla hujashika lenzi. Mfano wa pili ni Rolex Daytona 6239 ya mwigizaji Paul Newman mwenyewe. Maneno yaliyo kwenye mfuniko wake wa nyuma hayakutoka kiwandani. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyeagiza yachongwe, akimsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Oktoba 2017 saa hiyo iliuzwa New York kwa dola 17,752,500. Mfuniko umechongwa, na kila mtu anajua nani aliagiza na kwa nini, kwa hiyo mchongo umeongeza thamani badala ya kuipunguza.

Lipo kundi ninalolipenda kuliko yote, ingawa halimo kwenye bajeti yangu: Rolex zilizoagizwa kwa ajili ya Sultan Qaboos wa Oman na kupitia mikononi mwa duka la vito la Asprey la London, zikiwa na jambia la Oman usoni. Nimeziweka kwenye orodha ya kusoma. Nembo ndogo kama ile, iliyochapwa kwa wino juu ya uso wa saa, ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi, na aliyejifunza kuichunguza ameshajifunza nusu ya kazi.

Februari

Mchujo. Ya kwanza kuondoka ni ile yenye almasi kwenye bezeli, ile pete inayozunguka kioo. Ziliwekwa baada ya saa kuuzwa, na chini ya lenzi ya kukuza mara 10 hilo halina ubishi: vishikizo vya mawe vina unene tofauti, jiwe moja upande wa namba 9 limelala, na mashimo yaliyotobolewa yamekula sehemu ya chuma iliyokuwa na alama za asili. Hakuna risiti ya aliyefanya kazi hiyo wala tarehe. Chuma kilichotobolewa hakirudi. Nimeiuza kwa maelezo hayohayo niliyoyaandika hapa, na mnunuzi ameyasoma kabla ya kulipa.

Ya pili imenishughulisha zaidi. Ni saa ya chuma cha pua iliyopakwa utando mweusi wa DLC (kaboni ngumu mfano wa almasi) na karakana ya kujitegemea kwa agizo la mmiliki wake wa kwanza. Utando wenyewe ni mwembamba, wa mikroni chache tu. Kinachoumiza ni maandalizi: wengi hulisugua kasha kabla ya kulipaka, na hapo ndipo kona kali za masikio, pale mkanda unaposhika, zinapolainika moja kwa moja. Kwa hii, kona bado zipo. Nimezipima kwa kipimio cha vernia na kuzilinganisha na saa ya modeli ileile isiyopakwa, tofauti ni ndogo mno. Ina ankara ya karakana, ina tarehe, na bahasha ya vipande vilivyotolewa imekuja nayo ikiwa imefungwa. Nani na lini vimejibiwa. Ruhusa je?

Hapa nilisoma sana, kwa sababu wakusanyaji wengi husema "haramu" au "halali" bila kujua wanazungumzia nini. Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya Uswisi ilitoa uamuzi katika kesi ya Rolex dhidi ya Artisans de Genève, karakana inayobadilisha saa za wateja. Kwa ufupi, mwenye saa akiipeleka saa yake mwenyewe ibadilishwe kwa matumizi yake binafsi, anayeibadilisha hajavunja haki ya alama ya biashara. Kuzibadilisha saa na kuziweka sokoni zikiwa na jina la kampuni bila idhini yake ni jambo jingine kabisa. Mstari umepita pale pale ambapo mimi ningeupitisha. Ruhusa ya mwenye mali inatosha kwa saa inayobaki mkononi mwake, ila haimpi mtu kibali cha kuuza jina la mwingine.

Kampuni zenyewe hazina msimamo mmoja. George Bamford alijulikana kwa kuzitia weusi saa za watu bila baraka za viwanda, na 2017 akawa mbadilishaji rasmi wa Zenith na TAG Heuer. Viwanda vingine bado havitaigusa saa yako ukishaibadilisha: dhamana imekufa na mlango wa matengenezo umefungwa. Hilo nimeliandika kwenye faili la saa hii nyeusi kwa herufi kubwa, kwa sababu atakayeimiliki baada yangu lazima alijue. Saa inabaki.

Nyingine mbili zimeondoka, hazina cha kusimuliwa.

Machi

Nimeletewa saa ya kuangalia, na mwezi mzima umeishia kwake.

Ni kronografu, yaani saa yenye kipima muda cha vitufe, ya Longines ya miaka ya 1950, kasha la chuma, mashine ya 30CH. Mashine hiyo ilitoka 1947 kuchukua nafasi ya 13ZN ya 1936, na kwa wanaopenda kronografu za kutia ufunguo kwa mkono ni miongoni mwa mashine nzuri zilizopata kutengenezwa: gurudumu la nguzo linaloamrisha vitufe, daraja pana, na kitufe kinachobonyezeka kama siagi. Inapiga mara 18,000 kwa saa. Kilichoifanya iingie kwenye mradi wangu ni mstari mmoja mdogo wa maandishi chini ya jina la Longines, jina la duka la vito. Mzee anayeiuza anasema ilikuwa hivyo tangu aipate. Namwamini yeye. Uso wa saa nao una ushahidi wake, na huo pia nilitaka kuusikia.

Zamani maduka makubwa ya vito yalikuwa na mazoea ya kutia majina yao kwenye nyuso za saa walizouza. Beyer wa Zürich alifanya hivyo, Gübelin wa Lucerne pia, Serpico y Laino wa Caracas, Gobbi wa Milano. Mara nyingine kiwanda kilichapa jina pamoja na maandishi mengine, mara nyingine duka lenyewe lilichapa baadaye juu ya vanishi. Ndiyo maana wino unaokaa juu ya vanishi haumaanishi kughushi. Anayekuambia hivyo kwa uhakika anakupotosha.

Kinachosema zaidi ni nyufa. Uso huu ni wa rangi ya fedha na vanishi yake imepasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na ufa mmoja umepita katikati ya jina la duka. Nikaweka lenzi kubwa zaidi, taa ikitoka ubavuni ili kila ufa upate kivuli. Wino ukiwa ulikuwepo kabla ya ufa, utakatika pamoja na vanishi, kingo mbili zikitazamana. Wino ukiwa ulikuja baada ya ufa, utazama ndani yake na kutawanyika pembeni. Nimeitazama herufi ya tatu mpaka macho yakauma: imekatika. Upande wa kushoto umeinuka kidogo kuliko wa kulia, na ndani ya ufa hamna wino, kuna chuma kitupu kilichofifia. Jina hili limezeeka pamoja na uso wake.

Kisha taa ya urujuanimno. Vanishi yote ilitoa mwanga wa manjano hafifu uliosambaa sawa, bila kiraka chini ya jina wala mduara wa usafishaji kulizunguka. Uso uliopakwa upya sehemu moja kwa kawaida hujisaliti hapo.

Akrabu ndizo zilizonipa shaka. Rangi ya kung'aa gizani ndani yake ilikuwa na rangi ya krimu inayopendeza mno, wakati vitone vya usoni vilikuwa vya kahawia. Saa za enzi hizo zilipakwa radiamu. Radiamu hupunguza nguvu yake kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo ya miaka ya 1950 iko hai leo karibu kama siku ilipopakwa. Kilichokufa ni unga wa salfaidi ya zinki uliokuwa ukigeuza mionzi kuwa mwanga. Saa kama hiyo haing'ai tena gizani, ila kipima mionzi kinailalamikia. Nikamwomba fundi saa azitoe akrabu ili tuzipime peke yake.

"Kwanza fungua dirisha, na usipulize kitu," akaniambia. Ana haki. Vumbi la rangi ile ukilivuta kifuani ni hatari kuliko saa yenyewe mkononi, na mtu asijaribu kuikwangua nyumbani kwa wembe. Alizitoa juu ya trei yenye kitambaa chenye unyevu, akaziweka kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Kipima mionzi kikakaa kimya kwenye akrabu, kikapiga kelele kwenye uso wa saa. Jibu limepatikana: akrabu zimejazwa rangi mpya isiyo ya enzi hizo.

Je, akrabu zenyewe ni zake, au zimetoka kwenye saa nyingine? Hapo uso ulitusaidia tena. Saa hii ilikaa imesimama kwa miaka mingi, na mionzi ya akrabu za zamani ilichoma kivuli cha hudhurungi kwenye rangi ya fedha, karibu na namba 4. Fundi alishika akrabu ya dakika kwa kibanio akaiweka juu ya kivuli. Umbo la jani, urefu uleule, ncha ikaishia pale kivuli kinapoishia. Akrabu ni zake au za aina yake hasa. Rangi ya ndani ndiyo iliyobadilishwa, huenda kwa sababu ya zamani ilianza kumeguka na kumwagika kwenye mashine, jambo linalotokea sana.

Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna alama ndogo zilizokwaruzwa kwa sindano: herufi za kwanza za majina na namba, za mafundi waliowahi kuihudumia. Nimezipiga picha zote. Mafundi wa zamani waliandika hivyo ili saa ikirudi wajue ni kazi ya mkono wao. Kwangu mimi hiyo ni sahihi yenye thamani kuliko boksi la ngozi.

Nimeinunua.

Aprili

Jibu la kumbukumbu za Longines limefika. Kampuni ile ilianza Saint-Imier mwaka 1832 na imehifadhi leja zake za mauzo kwa kiwango ambacho wachache wanakifikia. Ukiwapa namba iliyo kwenye mashine wanaweza kukuambia saa ilikuwa ya aina gani, ankara yake iliandikwa lini na kwa wakala gani. Saa yangu ni kronografu ya chuma, mashine ya 30CH, na wakala aliyeandikwa alikuwa akiingiza saa katika nchi ileile lilikokuwa duka la vito. Leja haitaji jina la duka. Nilitarajia hivyo, kwa kuwa duka lilinunua kwa wakala. Mnyororo umefungika isipokuwa pete moja, na pete hiyo inabebwa na ule ufa kwenye herufi ya tatu.

Si kila kampuni inafungua vitabu. Patek Philippe hutoa dondoo lenye tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuuzwa, bila jina la mnunuzi. Rolex haitoi dondoo la aina hiyo kwa mkusanyaji wa kawaida. Kwa hiyo mwenye Rolex yenye jina la duka usoni anategemea karatasi za wakati ule na macho.

Na karatasi nazo zina mipaka. Novemba 2021 Omega Speedmaster modeli 2915-1, ya miaka ya 1950, iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande kutoka saa mbalimbali. Kisa hicho nimekibandika mbele ya kila faili. Kinanifundisha kusoma karatasi na chuma pamoja, kila kimoja kikimhoji mwenzake, hata kama karatasi inatoka kwa mwenye kiwanda.

Matengenezo: fundi ameivua mashine yote, ameosha, ametia oili mpya, amebadilisha springi kuu. Kwenye mashine ya kupimia mapigo, ikiwa imelala kifudifudi na kisha chali, bembea ya gurudumu la mizani ni digrii 275 na 270. Ikisimama wima inashuka hadi 245. Inakwenda mbele sekunde 6 kwa siku. Kwa mashine ya umri huo nimeridhika kabisa, na nimemkataza kufukuzia sifuri. Kasha halikupigwa msasa. Akrabu zimebaki na rangi zilizokuja nayo. Tumeandika kwamba si ya asili, na sitajaza rangi mpya iliyochanganywa ifanane na ya kale. Rangi ya namna hiyo ingekuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Juni

Mwezi wa Mei ulipita kwenye picha na uandishi wa mafaili, kazi ya taratibu.

Sasa upande mwingine wa mradi: saa moja niiagize mwenyewe, kila hatua iandikwe tangu mwanzo, ili liwepo faili moja lisilo na pengo hata moja. Nimechagua Jaeger-LeCoultre Reverso ya chuma yenye mgongo mtupu. Ilizaliwa 1931 ili wachezaji wa polo waweze kuugeuza uso wa saa ndani na kuukinga kioo na gongo, na ule mgongo uliobaki nje ukawa mahali pa kuchonga herufi, nembo na picha karibu tangu siku ya kwanza. Saa chache za kiwandani zinamkaribisha mchongaji hivyo. Hakuna kinachotobolewa, uso hauguswi, mashine haijui kitu.

Kampuni yenyewe huchonga. Nilifikiria kumpa kazi mchongaji wa kujitegemea ninayeheshimu mkono wake, lakini dhamana bado ipo na sioni sababu ya kuichezea. Imekwenda kwao. Kitakachochongwa ni herufi tatu za jina la mama yangu, zimefumana, kwa mkono na si kwa leza.

Leza huchoma kina kimoja kila mahali. Mkono wa mchongaji huingia kwa kina kidogo, hushuka kwenye tumbo la herufi, kisha hupanda na kutoka, na ule mteremko ndio unaoshika mwanga ukiigeuza saa. Chuma cha pua ni kigumu kuliko dhahabu, na patasi hutaka kunolewa mara kwa mara, kwa hiyo mchoro wa chuma lazima uwe na mistari michache. Pendekezo la kwanza lilikuwa na mikia mingi kwenye herufi. Nimeomba ipunguzwe.

Agosti

Reverso imerudi. Nimeichunguza kwa lenzi ileile ya mwezi wa Machi. Kwenye mkunjo wa herufi ya kati kuna mahali patasi ilisita na kuanza upya, alama isiyofika nusu milimita. Ndiyo ithibati kwamba ni mkono. Nimepiga picha hapo hasa, kwa sababu kesho na keshokutwa mtu akitaka kuthibitisha kwamba mgongo huu ndio ulioandikwa kwenye faili, alama hiyo haiwezi kurudiwa.

Muundo wa faili sasa umetulia. Ukurasa wa kwanza una namba za kasha na mashine, na majibu ya yale maswali matatu kwa sentensi fupi, pamoja na kiwango cha uhakika: imethibitishwa, inaelekea, au haijathibitishwa. Jina la duka kwenye Longines limeandikwa "inaelekea", na litabaki hapo hadi ipatikane ankara ya duka au saa nyingine yenye uchapaji uleule na karatasi zake. Ukurasa wa pili ni picha: uso kwenye mwanga wa kawaida, chini ya taa ya urujuanimno, na kwa taa ya ubavuni, mfuniko ndani na nje, mashine kutoka juu. Halafu matengenezo kwa tarehe. Bahasha ya vipande vilivyotolewa hufungwa na kutiwa sahihi ya fundi, hata kama ni skrubu moja yenye kutu. Nakala moja ya kila faili inakaa mbali na saa zenyewe.

Mkusanyo umebaki na saa saba. Nimeanza kutafuta saa ya pili yenye jina la duka lile, kwenye katalogi za zamani za minada, ukurasa kwa ukurasa, nikilinganisha umbo la ile herufi ya tatu.